Tundu la Bafu la Mzee Xavery

Zita alilichukia lile tundu kuliko alivyowahi kumchukia binadamu yeyote, na binadamu wa kuchukiwa hapo Biharamulo hawakukosekana mwaka ule. Alikuwepo mwuzaji wa duka la ushirika, aliyewapitishia rafiki zake sukari mlango wa nyuma huku wenzao wamepanga foleni mbele tangu asubuhi. Alikuwepo balozi wa nyumba kumi, aliyekuja kila jioni kuchungulia kama taa imefunikwa ndege za adui zisiione, ilhali nyumbani kwake karabai iliwaka hadi barabarani. Lakini watu kama hao unaweza kuwasema ukapumua. Tundu utalisema nini?

Lilikuwa kwenye kona ya chumba cha nyuma, chini kabisa ukutani, upana wake kama kikombe cha chai. Aliyeliweka ni marehemu baba mkwe wake, Mzee Xavery, mwashi wa bomani enzi za Mwingereza. Watu walisema mzee aliona nyumba za wakubwa wake zina bafu ndani, naye akatamani kuoga ndani kama wao. Akamwaga sakafu ya saruji yenye mteremko, akapitisha bomba la chuma chini ya ukuta hadi migombani. Maji yalichotwa kisimani kwa ndoo kama ya watu wengine wote, ila yakishaogwa yalijiondokea yenyewe, na majirani walikuja kushangaa.

Theonest, mwanawe wa pekee wa kiume na mume wa Zita, naye alitaka kumpita baba yake. Alikuwa dereva wa lori la shirika, mtu wa kusafiri na kuona mambo. Mji ulipopata maji ya bomba, akayavuta hadi ndani, akajenga bafu jipya upande wa pili wa nyumba, lenye koki na shimo lake la maji machafu lililofunikwa kwa zege. Bafu la zamani likawa chumba cha watoto. Alipaka chokaa, akatia mlango na dirisha, na kazi ikabaki moja tu, kuliziba lile tundu ambalo sasa halikuwa na matumizi yoyote.

"Jumamosi nitaliziba," alisema.

Kabla ya Jumamosi kufika, redio ikatangaza vita. Lori la shirika likachukuliwa kwenda mpakani, na dereva wake akachukuliwa pamoja nalo kama vile tairi la akiba. Hiyo ilikuwa Novemba ya sabini na nane. Theonest aliaga haraka haraka, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya lori, na neno lake la mwisho kwa mkewe halikuwa neno la mapenzi.

"Zita, lile tundu lizibe. Watoto wasilale mle kabla hujaliziba."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa juu ya lori. Wiki ile ile wifi yake Zita, Theodosia, aliyekuwa ameolewa huko Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda, alifika na watoto wake na mafurushi, wamekimbia mabomu. Nyumba ikajaa. Vyumba vya mbele vikawa vya wageni, na Jovina na mdogo wake Emilian wakatandikiwa mkeka kwenye chumba cha nyuma, tundu liko palepale kwenye kona.

Asubuhi moja Jovina akamwambia mama yake kwamba ameona mkia. Mkia gani? Mkia mweusi, ulikuwa unaingia tunduni. Zita akachana gauni lake la zamani, akakunja matambara, akayasindilia mle kwa mpini wa jembe mpaka yakakaza.

Kesho yake matambara yalikuwa nje, yamefuliwa na kuanikwa vizuri dirishani. Sakafu ya chumba ilikuwa imelowa, na mkeka wa watoto umesimamishwa ukutani.

Hakuhitaji kuuliza. Mama mkwe wake, Nshoma, aliamka alfajiri, akawahamisha wajukuu, akaoga mle kwa ndoo kama alivyokuwa akioga miaka yote. Bafu jipya lilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni pake.

"Mama, koki si ipo?" Zita alimwambia kwa adabu aliyoitafuta kwa shida.

"Mwili wangu haujaizoea koki."

"Lakini pale wanalala watoto, na nyoka wanapita."

"Nyoka amepita hapo tangu mume wako akiwa mchanga. Mbona hakumla?"

Zita akarudisha matambara. Nshoma akayatoa. Zita akasindilia magunzi ya mahindi, Nshoma akayatoa akawashia moto. Hakukuwa na ugomvi wala sauti kubwa, na hilo ndilo lililomchosha Zita zaidi. Laiti yule mama angekuwa mkorofi, mtu angejua la kufanya. Nshoma alikuwa mpole, alimsaidia kupika, alimsifu mbele ya majirani, kisha alfajiri akaenda kuzibua.

Kilichomuudhi kuliko vyote ni kwamba Zita alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima. Msichana wa Murusagamba aliyemaliza darasa la saba na kuolewa mjini, kila alasiri alisimama mbele ya akina mama na chaki yake akiwafundisha kusoma na kuandika, na pia kufukia madimbwi, kuchemsha maji na kuziba mashimo ya panya. Akina mama walimwitikia vizuri. Kisha alirudi nyumbani kwake, chumba kinanuka matope ya zamani na Emilian anajikuna.

Akaamua kutafuta saruji. Mtu akikuambia mwaka ule saruji haikuwepo, usimbishie. Ofisini waliambiwa yote imekwenda vitani, kana kwamba askari walikuwa wanaila. Alizungushwa huku na huku. Huyu alimwambia aje kesho, yule alimwambia yuko mkutanoni na sauti yake inasikika kantini. Mwisho kabisa akina mama wa darasa lake ndio waliomwokoa. Mmoja wao alikuwa na mabaki ya gunia yaliyosalia kwenye ujenzi wa ghala la kijiji, nusu yake yameshaganda mawe. Zita aliyaponda na kuyachekecha kwa chekecheke la unga hadi akapata saruji ya kutosha kuziba tundu moja, si zaidi.

Fundi alikuwa Kazimili, Msukuma wa kutoka Shinyanga aliyehamia kijiji cha ujamaa kule Nyamigogo na ng'ombe wake, mtu mzito wa maneno, mwaminifu wa kazi. Alikuja na mwiko wake, tindo na karai. Alilitazama tundu, akachomeka kijiti, akasikiliza.

"Si kazi kubwa, mama Jovina," alisema. "Tunachonga mdomo wake kidogo, tunasindilia gunia kwa ndani ili udongo usianguke, tunatia kokoto, halafu saruji. Kisha unalifunika na gunia bichi mpaka ikomae. Hata siafu hapiti."

Zita karibu amkumbatie. Akamwambia akoroge.

Hapo ndipo alipokosea, na kila mke aliyeolewa kwenye mji wa wenyewe atalijua kosa hilo kabla sijalitaja. Alikorogesha saruji kwanza, akaenda kumwambia mama mkwe baadaye. Kitu alichokijenga baba wa nyumba hakizibwi hivyo. Mkubwa wa nyumba huambiwa kabla, akiwa amekaa na amekula, naye hujifanya anafikiri siku mbili tatu kabla ya kukubali. Zita alilijua hilo vizuri. Ila alikuwa amechoka kuomba, kwa maana miezi yote ile alikuwa anaomba maofisini, na roho yake ilikataa kuomba tena ndani ya nyumba anayoifagia mwenyewe.

Alipomwambia, Nshoma alichukua kigoda chake, akaingia chumba cha nyuma, akakiweka kwenye kona juu ya tundu, akakaa na kuizungushia miguu kanga yake.

"Shikamoo, mama," alisema Kazimili, mwiko mkononi.

"Marahaba, mwanangu. Endeleeni na kazi zenu."

Kazimili alimtazama Zita. Zita alimtazama mama mkwe. Saruji ilikuwa kwenye karai, imelainika vizuri, rangi ya majivu mabichi.

"Mama, tunaomba utupishe kidogo," alisema Zita.

"Kidogo cha nini? Mimi nimekaa."

"Fundi, basi msaidie mama kusimama."

"Aa, mama Jovina," Kazimili alijibu, akarudi nyuma kabisa. "Mimi mzee simgusi. Hata kwetu, mzee akikaa amekaa."

Zita alibembeleza. Alipiga magoti. Alieleza habari ya mkia, ya panya, ya siafu, akaeleza jinsi saruji ile ilivyopatikana na jinsi isivyoweza kupatikana tena. Nshoma aliitikia kila jambo kwa kichwa kama mtu anayesikiliza mahubiri, na hakusogea. Kazimili alilitazama karai, akaongeza maji kidogo, akageuza. Baada ya muda akageuza tena, na mwiko ukaanza kukwaruza.

"Nikiongeza maji tena hii si saruji," alisema polepole. "Itakuwa uji."

Ndipo Zita alipopandwa na hasira. Aliinuka, na maneno yakamtoka ambayo mkwe hamwambii mkwe.

"Aliyeniachia kazi hii ni mwanao! Si mimi. Yuko vitani na anajua watoto wake wamelala salama. Au na yeye humtaki?"

Uso wa Nshoma ulibadilika ukawa wa mtu mgonjwa. Akamwomba Kazimili atoke nje, na fundi akatoka kwa furaha kubwa.

"Funga mlango," Nshoma alisema. "Unaujua mgomba ule wa chini, unaokaribia shimo la majivu?"

"Naujua."

"Kondo la nyuma la Theonest liko pale. Nilipomzaa, ndipo lilipozikwa. Mgomba wenyewe umekatwa sijui mara ngapi, lakini chipukizi ni zake zile zile. Watu wanasema baba yake alikuwa anaiga wakubwa wa bomani. Alimwiga nani? Maji ya wakubwa yalikwenda shimoni. Ya kwetu yalikwenda kwa mtoto. Alilipinda bomba makusudi ili lifike pale, ndiyo maana halikunyooka. Nilizika wawili kabla yake, Zita. Huyu hajawahi kulala na kiu tangu azaliwe, na leo yuko mahali watu wanapokufa, unataka nimfungie."

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Jambo hilo haambiwi mke. Mke anaweza kuondoka siku moja, akaondoka anajua mtoto wa mtu yuko wapi."

"Basi nitabeba maji mimi mwenyewe. Nitamwagia kila siku kwa ndoo."

"Maji ya kumwagia ni ya mchicha. Yale yanatoka kwenye miili ya watu wa kwao, ndani ya nyumba yao, yanamfuata. Sasa nimekwambia. Ukitaka nisimame, nitasimama."

Na kweli akasimama. Akachukua kigoda chake, akaenda kusimama dirishani, mgongo wake ukimwelekea Zita.

Sasa mtu angetegemea nini? Tundu lile pale, wazi. Fundi yuko nje. Zita alikuwa amesoma, alikuwa anafundisha wenzake kwamba ugonjwa huletwa na wadudu na si na mikosi. Hakuamini hata punje moja ya maneno yale. Lakini alijaribu kufungua mdomo amwite Kazimili, na mdomo haukufunguka. Alimwona Theonest juu ya lori, vumbi linamfunika, na akaona hasira, kwa kuwa ameambiwa jambo ambalo hakutaka kulijua na sasa hawezi kulisahau.

Alipotoka nje, Kazimili alikuwa analipiga karai kwa chini. Bonge zima likadondoka, limeshika umbo la karai, gumu.

"Pole, mama Jovina," alisema.

Kuanzia siku hiyo wakaishi kijinga. Saruji iliyokuja kuziba tundu ikawa kifuniko cha tundu. Jioni Zita alilisukuma bonge lile kwenye kona, na alfajiri Nshoma alilisukuma pembeni akaoga. Halikukaa sawasawa kamwe. Siafu walipita pembeni yake, wakamvamia Emilian mapajani, na mtoto alilia asubuhi nzima. Zita aliwatoa mmoja mmoja, akimlaani mzee aliyepinda bomba, mwana aliyesema Jumamosi, na yeye mwenyewe aliyenyamaza.

Aprili, redio ilipotangaza kwamba Kampala imeanguka, mji wote ulicheza ngoma barabarani. Siku chache baadaye lori lilisimama mbele ya nyumba, limevunjika springi, na Theonest akashuka. Alikuwa amekonda na sauti imekwaruza, lakini mzima, mikono yote, miguu yote. Nshoma alimshika uso kwa muda mrefu. Zita alilia jikoni ambako hakuna wa kumwona.

Theonest alikunywa chai, akazunguka nyumba yake, akaingia chumba cha nyuma, akatoka.

"Zita. Nilikuachia kazi moja."

Zita alimtazama mama mkwe wake. Alisubiri. Nshoma alikuwa anapeta maharage, na hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Wake wa siku hizi wana mambo mengi, mwanangu," alisema. "Madarasa, mikutano. Lizibe wewe, maadamu umerudi."

Zita alitamani kuuchukua ule ungo na kuyamwaga maharage yote uani. Miezi yote ya matambara, ya magunzi, ya kupiga magoti, imegeuka kuwa uvivu wake. Angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha. Lakini angesema nini, na mwenyewe ameaminiwa siri?

Theonest alikuwa na saruji kwenye lori, maana wenye lori hawakosi. Akafanya kazi ile alasiri moja tu, huku mama yake, mwanawe akiwa sasa mbele ya macho yake, akimletea maji na kumsifu kwamba anajua kazi kama baba yake. Akachonga, akasindilia gunia, akatia kokoto, akapiga saruji na kuisawazisha mpaka kona ikawa kama haijawahi kuwa na kitu. Watoto walilala mle wakajinyoosha, na kwa mara ya kwanza Zita hakuamka alfajiri.

Wiki ilikuwa haijaisha alipokuja mtu wa ofisini. Lori likitengenezwa lirudi. Jeshi lilikuwa limesonga mbele, vita viko kaskazini ya Uganda, mizigo ni mingi. Theonest alicheka kidogo, akasema basi vita ndiyo vimekwisha hivyo, wanakwenda kufagia mabaki tu. Akaondoka.

Nshoma hakupiga kelele. Alfajiri aliingia na ndoo yake chumba cha nyuma, akasimama, akatoka nayo. Kesho yake vilevile. Hakwenda bafu jipya. Alianza kuacha chakula.

"Si ulizoea kuzibua?" Zita alimuuliza, na uchungu wa ule ungo wa maharage bado uko sautini. "Zibua basi."

"Ulivyoziba wewe nilizibua. Hii ameifunga mwenyewe, kwa mkono wake. Mimi siwezi kuifungua."

Na hakumwomba Zita aifungue. Lau angemwomba, Zita angekataa, na angekuwa na haki. Mwanamke yule alikaa tu uani akiangalia chini migombani, jua likipanda na kushuka.

Kisha ikaja habari kwamba lori moja la kutoka wilaya jirani limekanyaga bomu huko mbele, na dereva hakuonekana. Si Theonest. Jina lilitajwa, lilikuwa la mtu mwingine kabisa. Zita alisikia habari hiyo akiwa darasani. Akina mama walikuwa wanamsubiri aandike neno linalofuata, naye alisimama na chaki mbele ya ubao, hakumbuki ni neno gani. Akawaambia waende nyumbani.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la mumewe, akatoa tindo na nyundo. Akakunja mkeka wa watoto, akaupeleka chumbani kwake, akautandika kando ya kitanda chake. Kisha akapiga magoti kwenye kona na kuanza kupiga.

Saruji ile ilikuwa nzuri, na hilo nalo lilimkasirisha. Vipande vilimrukia usoni. Alimtukana Theonest kwa Kihangaza, lugha ya kwao, akamtukana mama yake, akautukana mgomba, akamtukana mtu yeyote aliyewahi kuanzisha vita popote. Haya ni mambo ya kipumbavu, alijiambia kila alipoinua nyundo, na mimi siyaamini. Ngozi ya vidole ilimchubuka. Kokoto zikaanza kutoka, halafu gunia, na mwishowe hewa ya baridi yenye harufu ya matope ikampiga usoni.

Alipogeuka, Nshoma alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Hakuthubutu kuvuka kizingiti. Zita akainuka, akajikung'uta vumbi, akaipokea ile ndoo mkononi mwake. Akaufunga mlango, akavua nguo zake zote, akaanza kuoga.